Mchango Usio na Tarehe

Mtanzania akitaka kujua namna ya kukusanya fedha haendi kutafuta kitabu. Amekwisha kukaa kwenye kamati ya harusi. Huko ndiko alikojifunza kwamba ahadi hutajwa mbele za watu ili aibu isaidie kuidai, kwamba mweka hazina asipobandika orodha kila jioni watu wanalala, na kwamba wiki ya mwisho lazima simu zipigwe hadi kwa wajomba wasiojulikana wako wapi. Msiba nao una utaratibu wake, wa kasi zaidi, wenye daftari na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Taratibu zote mbili zinafanikiwa kwa sababu moja: kuna siku. Siku ikifika watu wanakula au wanazika, kamati inavunjwa, madeni yanayobaki yanajulikana ni ya nani.

Mchango wa upasuaji wa mtu mwenye mtindio wa ubongo unafanana na wa harusi kwa kuwa nao una siku. Hapo ndipo kamati nyingi hudanganyika. Siku ya upasuaji hufika na kupita, fedha zimetimia, watu wamepongezana kwenye grupu la WhatsApp, halafu gharama kubwa inaanza.

Kuelewa kwa nini, lazima tuingie kidogo kwenye tiba yenyewe. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua: tumboni, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa na homa ya uti wa mgongo ni baadhi ya sababu. Jeraha la kwenye ubongo haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili. Misuli iliyokaza haiendi sambamba na mifupa inayorefuka, kano zinabaki fupi, visigino vinanyanyuka, magoti yanabaki yamekunjika, nyonga inaweza kuanza kuhama mahali pake. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akitembea vizuri kwa magongo akiwa shule ya msingi anaweza kuanza kushindwa akiwa mtu mzima, na jirani zake wakadhani ugonjwa umeongezeka. Daktari wa mifupa hurefusha kano, pengine hukata mfupa na kuunyoosha, na mara nyingi hushughulikia sehemu kadhaa kwa mkupuo mmoja ili mgonjwa asirudi chumba cha upasuaji kila baada ya muda mfupi.

Akitoka hapo, mgonjwa ni dhaifu kuliko alivyoingia. Anafungwa hogo, yaani plasta ngumu, kwa wiki kama sita, misuli inasinyaa, na likifunguliwa anakuta miguu imenyooka lakini haijui kazi. Mwili ulizoea kutembea kwa magoti yaliyokunjika; sasa unafundishwa upya. Katika upasuaji wa sehemu nyingi ni jambo la kawaida miezi ya mwanzo iwe mibaya kuliko kabla, na faida yenyewe kuonekana karibu na mwaka au baada yake. Bila mazoezi tiba ya muda mrefu, sehemu kubwa ya fedha iliyolipwa hospitali imepotea.

Kuna kikundi kimoja cha marafiki, waliosoma sekondari pamoja na sasa wanaishi Dar es Salaam na kwingineko, ambacho kiliifanya kazi hii kwa namna inayostahili kuchambuliwa. Sitakitaja, na kiasi walichokusanya ni siri yao. Hesabu za fedha humu ni mfano wangu. Rafiki yao ni fundi simu mwenye fremu yake Kariakoo. Mtindio wake umeathiri zaidi miguu; mikono yake inafungua simu na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani.

Jambo la kwanza walilofanya vizuri lilikuwa kuchelewa. Mmoja wao, mhasibu, alikataa grupu lifunguliwe mpaka bajeti iwepo. Alikwenda kuuliza, lakini hakuishia kwa daktari wa upasuaji na makadirio yake ya hospitali. Alimtafuta mtaalamu wa mazoezi tiba akamuuliza mtu wa aina hii hutumia nini kuanzia siku anayoruhusiwa hadi mwaka unapoisha. Majibu yakawa orodha ambayo ankara ya hospitali haina. Kwanza usafiri: mtu mwenye plasta miguu yote miwili hapandi daladala, na kwenye mwendokasi wa saa za asubuhi hata mzima anaumia. Tuseme bajaji ya kwenda na kurudi ni sh 15,000, mara mbili kwa wiki, kwa nusu mwaka. Hiyo ni sh 780,000 kabla hajalipia zoezi hata moja. Bima, kwa mwenye nayo, inaweza kubeba sehemu ya matibabu, bajaji haiibebi.

Kisha vifaa vya plastiki vya kushikilia kifundo na mguu. Hivi havichukuliwi dukani kwa namba ya kiatu. Vinatengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja, na mafundi wake ni wachache. Moshi kuna chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, kinachowafundisha tangu 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Kifaa kikichakaa, au mguu ukibadilika umbo baada ya uvimbe kuisha, kinatengenezwa kingine. Mhasibu aliandika viwili viwili.

Halafu ukaja mstari uliozua mjadala: kodi ya fremu. Baadhi waliona si matibabu, na mchango wa ugonjwa usilipe biashara. Mimi niko upande wa mhasibu. Fundi simu asipofungua hali, na fremu ya Kariakoo ukiiachia miezi michache unaikuta inauza vipodozi. Mtu akipona miguu huku amepoteza mahali pa kazi, wachangiaji watakuwa wamenunua nusu ya kitu.

Bajeti ilipokamilika, sehemu ya hospitali haikuwa kubwa kama walivyodhani, na ilikuwa ndiyo rahisi kuichangisha. Ugumu wa sehemu ya pili, ya baada ya hospitali, umejulikana kwa majirani zetu. Mwaka 2015 Wakenya walimchangia mwanafunzi aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Lengo lilikuwa shilingi milioni 1 za Kenya, na ndani ya siku chache zilipita milioni 6. Ilisaidia kwamba fedha ziliingia kwenye namba ya malipo ya taasisi ya saratani badala ya simu ya mtu. Lakini waliombwa kitu kimoja, cha haraka, kinachoeleweka. Miaka mitatu kabla, Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi, alikuwa na ombi gumu zaidi: fedha za hospitali ya utengamao, yaani ya kurudisha uwezo wa mwili, kwa walioumia uti wa mgongo. Utengamao hauna siku ya kuukimbilia. Basi mwaka 2012 aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, kwenye hospitali ya aina hiyo, na wananchi wakaombwa wachange ili arudi nyumbani. Alichokosa ni tarehe, akaweka kilomita mahali pake. Kila siku aliyokuwa barabarani ilikuwa habari mpya.

Marafiki wa Dar hawakuwa na barabara ya namna hiyo, wakagawa ombi sehemu mbili na kulitoa kwa ujumbe mmoja, siku moja. Mfuko wa upasuaji: toa unachoweza, mwisho tarehe fulani. Mfuko wa mazoezi: taja kiasi kidogo cha kila mwezi, kwa miezi 12, kianze baada ya upasuaji. Kuyatoa yote pamoja ndiyo mbinu niliyoipenda kuliko zote. Ukisubiri upasuaji upite ndipo uombe fedha za mazoezi, unaongea na watu waliokwisha kumshukuru Mungu na kufunga hesabu. Ukiomba wakati moyo bado una joto, mtu anaahidi sh 10,000 ya kila mwezi bila kuiona nzito, na ahadi hiyo inabaki imeandikwa.

Upande wa fedha kuingia walijua adui wao. Hakuna mwenye simu nchini ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo kanuni ilikuwa namba haibadiliki hata kama mweka hazina amebadilika, na jina litakalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri linatajwa kwenye kila tangazo. Walitumia akaunti ya kikundi ya kwenye simu, ambayo kutoa fedha kunahitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha. Wa mitandao mingine na wa nje ya nchi walipitia kwa mjumbe mmoja. Na waliomba watu watume "na ya kutolea". Ombi dogo, lakini mchango wa miezi 12 unaotumwa bila hela ya makato unapungua kila mara unapoguswa.

Picha zilihitaji msimamo. Ushauri wa kwanza uliotolewa kwenye grupu, kwa nia njema, ulikuwa picha ya rafiki akiwa kitandani na uso wa maumivu, pamoja na barua ya hospitali. Mwenyewe alikataa, na alikuwa na uwezo wa kukataa kwa sababu alikuwa admini. Hapa kamati nyingi hukosea zikimchangia mwenye ulemavu: zinamjadili kama mtoto, yeye akiwa hayumo, hata pale ambapo mtindio haukugusa akili yake hata kidogo. Matangazo yote aliandika yeye au aliyasoma kabla hayajatoka. Barua ilionyeshwa kwa wajumbe watatu tu, namba ya faili ikiwa imefunikwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya za mtu ni taarifa nyeti kisheria; lakini hata isingekuwepo sheria, barua ikishaingia kwenye grupu la watu mia huwezi kuirudisha, na matapeli hupenda sana barua halisi.

Picha iliyotumika ilimwonyesha kwenye fremu, simu iko wazi mbele yake. Nina hakika iliwapunguzia machozi wachangiaji. Nina hakika pia kwamba iliwafanya waelewe mstari wa kodi.

Kisha ikaja miezi ile mibaya ya mwanzo. Mtaalamu wa mazoezi aliwaonya, nao wakawaonya wachangiaji kabla hogo halijafunguliwa. Kiini cha ujumbe kilikuwa hiki: "Ndugu zangu, mtanikuta kwenye kiti cha magurudumu wakati zamani mlinikuta kwenye magongo. Msishtuke, ndivyo inavyoanza. Magongo yatarudi." Ujumbe huu mfupi uliokoa mfuko. Mchangiaji anayekwenda kumjulia hali mgonjwa akamkuta amerudi nyuma husema kwa sauti ya chini kwamba operesheni imefeli, na sauti ya chini hufika mbali. Ukimwambia mapema, anayoyaona yanathibitisha ulichosema.

Ripoti za kila mwezi zilikuwa na salio, matumizi na kitu kimoja kilichopimwa: goti linanyooka kiasi gani sasa, amesimama dakika ngapi kati ya vyuma viwili vya kushikilia, ametembea hatua ngapi. Mwezi ambao hakuna kilichoongezeka waliandika hakuna kilichoongezeka. Walianza, kwa mazoea ya harusi, kubandika pia majina ya waliochelewa kutoa. Kwenye harusi inafaa, hata inafurahisha. Hapa mgonjwa mwenyewe alikuwa anaisoma orodha ya rafiki zake wanaodaiwa kwa ajili ya miguu yake. Wakaiondoa, ikabaki jumla tu, na mweka hazina akawa anamwandikia kila mmoja faraghani.

Pengo ninaloliona liko kwa dada wa mgonjwa. Alihamia kwa mgonjwa, akambeba kumpeleka maliwatoni wiki zote za plasta, akajifunza mazoezi ya nyumbani na kuyasimamia asubuhi na jioni. Aliacha biashara yake ya vitafunwa. Bajeti ile nzuri, iliyokumbuka hata makato ya kutolea, haikuwa na mstari wake, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa ni dada. Mwezi wa tano alirudi kwenye biashara, ikabidi atafutwe msaidizi wa kulipwa kwa haraka na kwa bei ambayo hakuna aliyeipanga. Ningekuwa mjumbe ningemwandika kuanzia siku ya kwanza, kwa kiasi kinachofanana na alichokuwa akipata kwenye vitafunwa, hata kama angekataa kupokea. Kikiwa kimeandikwa, kipo siku kitakapohitajika.

Pengo hilo liliweza kuzibwa kwa sababu ya uamuzi mmoja wa mhasibu ambao wenzake hawakuupenda mwanzoni. Wenye ahadi za kila mwezi walipofikia idadi iliyotosha bajeti yote, yeye aligoma kufunga orodha. Alipanga matumizi kwa kudhani kwamba nusu ya majina yatakuwa yameacha kutuma kabla mwaka haujaisha, akataka majina mara mbili. Walimwita mwenye mashaka. Mwezi wa 12 waliokuwa bado wanatuma walikuwa pungufu kidogo ya nusu, na msaidizi alikuwa amelipwa.