Wakili Katika Ofisi ya Soka: Said El Maamry

Kwa msomaji wa Isangi, pale mto Lomami unapoingia mto Kongo, huenda jina lililo karibu zaidi ni la Véron Mosengo-Omba, mwanasheria mzaliwa wa Kongo aliyeteuliwa mwaka 2021 kuwa katibu mkuu wa CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika. Lakini njia hiyo ya kutoka kwenye sheria hadi kwenye soka ilikwisha kupitwa na wakili Mtanzania, Said El Maamry, ambaye anastahili sifa zaidi ya anazopewa.

Alipokiongoza Chama cha Mpira wa Miguu Tanzania (FAT), chombo ambacho baadaye kilipewa jina la Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), timu ya taifa ilifuzu fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria, baada ya kuifunga Zambia 1-0 nyumbani na kutoka nayo sare ya 1-1 kule Ndola, kwa bao la Peter Tino ambalo wazee wa vijiweni hulisimulia kana kwamba lilifungwa jana.

Mabao, bila shaka, hufungwa na wachezaji, si na mawakili. Hata hivyo, chama cha soka huishi kwa katiba, kwa kanuni za usajili na kwa rufaa, yaani maombi ya kupinga uamuzi uliokwisha kutolewa, na huko ndiko macho yaliyozoea vifungu vya sheria huwa na kazi. El Maamry aliingia pia katika kamati ya utendaji ya CAF. Tanzania yenyewe ilirudi kwenye fainali za Afrika mwaka 2019, miaka 39 baada ya zile za Nigeria.