Sanaa ya Kufunga Pete

Katika sanaa zote za wanakemia, sijaona iliyo na adabu kama ile ya kuzikutanisha atomi za kaboni na nitrojeni zikafungamana kuwa pete, kwa msaada wa kichocheo kisicho na hata chembe ya metali. Pete hizo si ngeni kwetu: kwinini, waliyoimeza wazee wetu kwa kukunja uso kila homa ilipowashika, ina nitrojeni mbili, na kila moja imo ndani ya pete, na dawa hiyo hiyo, mwaka 1912, wanakemia Bredig na Fiske waliitia chomboni si kwa kutibu bali kwa kuchochea, wakaona zao lililotoka limeelemea upande mmoja, japo kidogo mno.

Upande huo ndio roho ya shughuli yote. Molekuli nyingi zina za kulia na za kushoto, zilizolingana kwa kila kipimo ila haziwezi kubadilishana nafasi, mithili ya makubadhi. Na mwili, ambao nao umejengwa kwa molekuli za upande mmoja, hubagua.

Mwaka 2000, huko California, Benjamin List na wenzake waliidhihirisha prolini, asidi amino ya bei ndogo, kuwa kichocheo, nayo ni pete yenye nitrojeni: nitrojeni hiyo huishika ketoni, maji yakatoka, na ketoni ikawa tayari kuunga, hapo tawi la asidi la prolini ile ile humpokea mgeni wa pili, yaani molekuli nyingine, na kumwonyesha uso wa kuingilia, kisha maji hurejea, na prolini hujitoa salama ikatumike tena. Mwaka huo huo David MacMillan, naye California, alitengeneza kichocheo chake kutokana na fenilalanini, na mwaka 2021 wote wawili walipewa Nobeli. (Insafu yataka tuseme kwamba wanakemia wa viwanda vya dawa walikwisha itumia prolini kufunga pete tangu 1971, jambo likalala.)

Mimi lakini hustaajabia zaidi strikinini, sumu ya pete saba. Mwanakemia Woodward, alipotangaza kuiunda mwaka 1954, alipita hatua 29; kundi la MacMillan, mwaka 2011, lilipita 12, kwa kuwa kichocheo kimoja, katika chombo kimoja, kilifunga pete mbili mfululizo, ya pili ikiwa ya nitrojeni. Na atakayeuliza sumu ina faida gani, ajue kwamba kutokana na njia hiyo hiyo waliunda alkaloidi sita, strikinini ikiwa moja tu kati yake.