Nyekundu Mbili za Wingu la Tai

Picha ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa kwa darubini ya Hubble mwaka 1995 katika Wingu la Tai, imelaumiwa na wengi kuwa ya uongo, kwani rangi zake sizo ambazo jicho lingeziona. Lawama hiyo haina uzito. Jeff Hester na Paul Scowen waliipitisha nuru katika vichujio vitatu, cha salfa, cha haidrojeni na cha oksijeni. Nuru ya haidrojeni, ya nanomita 656, na ya salfa, ya karibu 672, zote ni nyekundu. Zikiachwa zilivyo, jicho halizibagui. Ndipo salfa ikavishwa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu, kwa kufuata mpangilio wa mawimbi yao. Huko ni kufasiri kwa kanuni iliyotangazwa.

Dosari ni ya wapiga picha wengi waliofuata, ambao hukififisha kijani hadi ikabaki dhahabu na samawati tupu. Inapendeza, hapana ubishi. Lakini kijani hicho ndicho haidrojeni yenyewe, iliyo nyingi kuliko zote. Aliyekifuta amemnyamazisha msemaji mkuu ili wasikike wapambe. Katika picha ya 1995 kijani kingalipo nyuma ya nguzo, kimechanganyika na buluu, wala hakijaziharibu.