Mkono Uliokufa Ganzi Haufichiki: Kupima Ubora wa Jiwe la Kisii

Ukishika bakuli la jiwe la sabuni kutoka Tabaka, usianze na rangi yake. Fumba macho, upitishe kidole gumba ndani, kutoka ukingoni hadi pale ukuta unapojipinda kuwa kitako. Kidole kikiteleza bila kukwama, aliyelisugua alitulia. Kikiparuzwa, kuna mtu aliyeiacha kazi kabla haijaiva, na mara nyingi kilichomfukuza ni baridi.

Mchongaji hulipa jiwe umbo kwa panga, kisu na tupa. Ngozi ya jiwe ni kazi ya msuguaji, na huko Tabaka, Mugirango Kusini, wasuguaji wengi ni akina mama. Wanasugua kwa msasa ndani ya maji, kwa kuwa maji huondoa unga unaoziba msasa na huzuia vumbi lisiingie mapafuni. Hayakwepeki. Saa nzima, au mbili, mikono imo ndani ya beseni.

Na Gusii, nchi ya Kisii iliko Tabaka, si pwani. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai maji yaliyolala nje huuma. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye baridi ileile. Mwili nao hujilinda: hupunguza damu ya vidoleni ili kifua kibaki na joto. Wapiga mbizi wa bahari za baridi wanalijua jambo hili, ndiyo maana hukinga kiwiliwili na kichwa kwanza, wala hawategemei glavu peke yake. Wachuma chai wa Nyamira wanalijua pia. Vidole vilivyoganda kwa umande havichagui vizuri majani mawili na chipukizi. Hukwanyua na majani yaliyokomaa.

Kwa msuguaji hasara ni kubwa zaidi. Jiwe lililoloa hung'aa lote, na mng'ao huo huficha mikwaruzo machoni. Kipimo chake cha kweli ni ncha za vidole. Zikifa ganzi, amebaki bila kipimo.

Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja kando ya kibanda chake, mtungi wa chai ubavuni. Nilimwamkia, “Bwakire, mama,” akanikaribisha bila kuinua mkono kutoka kwenye kazi. Alikuwa amevaa sweta mbili na kilemba kizito, mikono ya sweta ameikunja hadi viwikoni isilowe. Mbele yake palikuwa na mabeseni mawili: moja la kusugulia, la pili lina maji ya uvuguvugu kutoka jikoni. Kila alipomaliza upande mmoja wa kinyago cha kiboko alichokuwa akikisugua, alitia mikono kwenye uvuguvugu, akaikausha kwa kitambaa, kisha akalipapasa jiwe polepole, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Alipofika chini ya kidevu alisimama, akarudia.

Basi unapokwenda kununua, pima hivi.

Gonga. Ligonge jiwe kwa ukucha au kwa mpini wa kisu. Jiwe zima hujibu kwa sauti kavu. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Lowesha, kisha subiri. Maji yakikauka, ufa hubaki kama mstari mweusi, kwa sababu ndio unaochelewa kukauka. Wengine huziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe. Kiraka hicho kikilowa hakifanani na jiwe lililokizunguka, na hapo hujianika.

Inamisha kwenye mwanga. Jiwe likiwa kavu, ligeuze juani taratibu. Msasa mkali, kama wa namba 120, huacha mistari. Msasa laini, wa 400 na kuendelea, huifuta, mradi msuguaji hakuruka hatua.

Tafuta maficho. Tazama nyuma ya masikio ya tembo, kwapani mwa sanamu, chini ya kitako. Mgongo hata mvivu huung'arisha.

Kwangua nta. Nta huingia vizuri jiwe likiwa limekauka na kupata joto, ndiyo maana vinyago huanikwa juani kwanza. Iliyopakwa juu ya jiwe baridi au bichi hubaki utando, na ukucha huikwangua.

Shuku rangi nzito. Rangi iliyopakwa vizuri na kuchorwa kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe utokeze ni ufundi wa kuheshimiwa. Rangi iliyomwagwa kufunika kila kitu huenda inaficha kitu.

Majina ya wachongaji hufika mbali. Mchongo uitwao Enyamuchera, wa Elkana Ong'esa wa Tabaka, uko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Majina ya wasuguaji hayafiki hata kwenye kibandiko cha dukani.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata kipande kilichovishinda vipimo hivi vyote, usivutane kuhusu bei. Uliza nani alikisugua, umlipe yeye ikiwezekana. Ulaini unaousikia mkononi ulinunuliwa kwa vidole vya mtu, ndani ya maji baridi.