Sinema ya Baba Shujaa

Sinema nyingi zinazohusu maradhi hutudai machozi tu. Extraordinary Measures, iliyoongozwa na Tom Vaughan na kutolewa Marekani Januari 2010, inadai zaidi ya hayo. Inataka tuamini kwamba hivi ndivyo dawa inavyopatikana. Kwa hiyo ni haki kuihoji, maana anayejitwika kazi ya kutufundisha hana budi kukubali kuulizwa maswali.

Kisa chenyewe kina ukweli ndani yake. John Crowley, anayeigizwa na Brendan Fraser, ana watoto wawili wenye ugonjwa wa Pompe. Ndani ya seli zetu mna vifuko vidogo viitwavyo lisosomu, ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja mabaki, na kila aina ya mabaki ina kimeng'enya chake. Mgonjwa wa Pompe hana kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni, yaani sukari ya akiba, au anacho kidogo mno. Basi sukari hiyo hurundikana, misuli ikalegea, na kwa mtoto mchanga moyo ukatanuka. Kabla ya dawa, wengi wa watoto waliopata aina kali hawakutimiza mwaka mmoja. Katika sinema, Crowley anaacha kazi nzuri, anamfuata mtafiti mkorofi aitwaye Robert Stonehill, na wawili hao wanaanzisha kampuni.

Nianze na lililo jema. Ni sinema chache zenye ujasiri wa kuonyesha kwamba wazo zuri likikosa fedha hubaki ubaoni. Hapa tunaona wawekezaji wakipiga hesabu za faida huku baba akihesabu siku za uhai wa wanawe, na hesabu hizo mbili haziafikiani. Fraser anaubeba uchungu huo bila makelele. Harrison Ford, kwa upande wake, amepewa mtafiti wa kawaida mno wa sinema: mwenye hasira, muziki wa kelele maabarani, na dharau kwa kila mwenye tai.

Mtafiti huyo hakuwahi kuwako. Crowley wa kweli alijiunga mwaka 2000 na kampuni ya Novazyme ya Oklahoma, iliyoanzishwa na William Canfield, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikanunuliwa na Genzyme. Kubadili majina si kosa, kwani msanii ana ruhusa yake. Kinachonisumbua ni kwamba uzito wote wa hadithi umewekwa juu ya ugomvi na urafiki wa watu wawili, hata mtazamaji anatoka akidhani dawa ilizaliwa na ugomvi huo.

Tutazame mambo yalivyokwenda. Daktari Mholanzi, Johannes Pompe, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1932, na Aprili 1945 akapigwa risasi na Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi yake. Mwaka 1955 Christian de Duve wa Ubelgiji aligundua lisosomu. Mwaka 1963 mwenzake, Henri-Géry Hers, akaonyesha ni kimeng'enya gani kinachokosekana. Mwaka 1999 watoto wachanga wanne walianza kutibiwa mjini Rotterdam kwa kimeng'enya kilichotolewa katika maziwa ya sungura waliobadilishwa jeni. Chuo Kikuu cha Duke nacho, chini ya Y. T. Chen, kilikuwa na njia yake. Genzyme ilipovilinganisha vimeng'enya vilivyokuwapo, ilichagua kimoja cha kwake yenyewe, wala si kile cha Oklahoma. Dawa hiyo, Myozyme, ilikubaliwa mwaka 2006. Tangu Pompe hadi hapo ni miaka 74. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala simvunjii Canfield heshima. Yeye alitaka kimeng'enya kipewe alama nyingi zaidi, mfano wa anwani juu ya barua, ili seli ikipokee kwa wingi. Wazo la aina hiyo lilirudi katika dawa mpya iliyokubaliwa Marekani mwaka 2021. Kumbe lililoshindwa leo laweza kuwa msingi wa kesho. Hilo lingefaa sana kuonyeshwa, lakini sinema ya ushindi haina nafasi ya kushindwa kwenye manufaa.

Hapa ndipo pana jambo zito. Sinema inatunong'oneza kwamba upendo wa mzazi, ukiwa mkubwa vya kutosha, huponya. Maneno hayo yanapendeza masikioni mwa aliyepona. Je, mzazi aliyemzika mtoto wake mwaka 1985, au hata 1998, atayasikiaje? Ina maana yeye hakupenda vya kutosha? Alipenda, na pengine alikesha zaidi. Alichokosa ni kuzaliwa katika miaka ambayo kazi ya wengine ilikuwa imeiva, na kuwa karibu na fedha na hospitali. Watoto wa Crowley walianza kupewa dawa Januari 2003. Baba yao alisukuma kwa nguvu zake zote, nasi tunampa haki yake, ila alisukuma mlango ambao wengi walikwisha kuulegeza.

Tena sinema inakoma dripu inapoanza kutonesha, ilhali maswali magumu yanaanzia hapo. Dawa hii haiondoi ugonjwa. Hutolewa mara kwa mara, maisha yote, kwa bei ya kutisha. Novemba 2010, mwaka uleule wa sinema, mahakama kuu ya Uswisi iliamua kwamba bima haikulazimika kumlipia mgonjwa mwenye umri wa miaka 70, kwa kuwa gharama, mamia ya maelfu ya faranga kwa mwaka, ilizidi mno nafuu iliyotarajiwa. Ikiwa Uswisi yenyewe inasitasita, nchi yenye zahanati isiyo na dawa za malaria ifanyeje?

Wala msomaji asidhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa hitilafu moja ya jeni inayoonekana mara nyingi kwa wagonjwa Wamarekani weusi ina asili yake Afrika. Ilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Kwa hiyo wako watoto wa Pompe huku kwetu pia, na wanakufa wakiitwa wagonjwa wa moyo tu.

Nashauri sinema hii itazamwe, kisha kisomwe kitabu kilichoizaa, The Cure, cha Geeta Anand, kilichotoka mwaka 2006. Ndani yake watu ni wengi, wanakosea, wanashindana, na hakuna aliyeng'ara peke yake. Ni kisa kisichopendeza sana katika sinema, lakini mzazi yeyote anayesubiri dawa leo angefaidika zaidi kukijua hicho.