Chaki Isivunjike

Mkimbiaji wa mbio ndefu ni bahili. Hupumua kwa hesabu, hukanyaga kwa hesabu, na nguvu zake huzipima kama muuza maziwa anayejua kibuyu chake kimoja kina wateja wangapi mpaka jioni. Ndivyo nilivyokuwa nilipofika kidato cha tatu, katika shule moja ya Uasin Gishu ambako kumaliza mita 10,000 hakukumshangaza mtu. Nusu ya bweni ingeweza. Kisha mwenzetu mmoja wa timu ya kupokezana vijiti akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, wiki sita kabla ya mashindano ya wilaya, na mwalimu wa michezo akaninyooshea kidole: mita 400, mkimbiaji wa tatu.

Nikaona nimepewa kazi ya mtoto. Mzunguko mmoja tu, mimi niliyezoea ishirini na mitano!

Mwalimu alinitazama nikizunguka mara moja, akaizima saa yake kabla sijafika.

"Mwanangu," akasema, "wewe unakimbia kama mtu anayekwenda mbali."

Alikuwa mtu wa Mombasa, akitufundisha Kiswahili na Historia, na baridi ya kule juu hakuizoea kamwe. Alfajiri alisimama kando ya uwanja ndani ya koti zito kama mlinzi wa usiku. Sisi tulimcheka chini chini. Mpwani atawafundisha Wakalenjin kukimbia? Naye alikuwa na jibu lake, na alilitoa kila muhula: medali za kwanza za dhahabu za Kenya katika michezo ya kimataifa hazikuletwa na mtu wa milimani. Zililetwa na Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, mwaka 1962 kule Perth, Australia, katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Tena si kwa mbio ndefu, bali yadi 100 na yadi 220. Hapo alitulia kidogo, akatuacha tuimeze habari hiyo.

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kukimbia. Nilitembea. Goti juu, wayo chini, goti juu, wayo chini, huku wapishi wa shule wakinitazama kutoka dirisha la jikoni kwa huruma. Alitaka mguu wangu utue chini ya nyonga badala ya kutangulia mbele, na utue kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikae hewani. Mguu unaotangulia mwili, alisema, ni breki. Nikishindwa kuelewa, alipiga ngoma juu ya dawati. Kiganja kikigusa na kuondoka papo hapo, mbao zililia. Kikikawia, sauti ilikufa pale pale. Baadaye sana nilisoma kwamba mkimbiaji hodari wa mita 100 akishashika kasi, mguu wake hukaa ardhini kama sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Kwangu hilo halikuwa jipya. Nilikuwa nimelisikia kwenye dawati.

Kisha ikaja chaki. Alinipa vipande viwili, kimoja kila mkono, nivishike kati ya kidole gumba na cha shahada, nikimbie mita 150 kwa nguvu zangu zote. Kikivunjika, narudia. Siku hiyo nilivunja chaki ambazo zingetosha somo zima la Hisabati. Nilikuwa na imani ya watu wengi, kwamba kasi ni kukaza: kaza ngumi, kaza meno, kaza shingo. Lakini msuli uliokazwa bila kazi humvuta nyuma ule wenye kazi. Mtazame seremala mgeni anavyoikandamiza randa mpaka jasho linamtiririka na ubao unachanika. Fundi huipitisha tu, na taka za mbao zinajikunja zenyewe. Kulegeza bega na taya huku paja likifanya kazi ya kufa mtu ndio ufundi wenyewe. Mwili haukubali kirahisi.

Nadhani hapa kwetu tumewadhulumu watu wa mbio fupi. Wa masafa marefu tunamsifu kwa bidii yake, na wa mita 100 tunasema kazaliwa nayo, kana kwamba Ferdinand Omanyala aliamka tu asubuhi moja ya mwaka 2021 akaenda Kasarani kukimbia sekunde 9.77.

Kilichonifariji ni siri ambayo mwalimu aliiweka hadi wiki ya nne. Hata katika mita 100, hakuna anayeongeza kasi mpaka utepe. Wote hufika kilele, kisha wote hupungua. Anayeonekana kuchomoka mwishoni mara nyingi ndiye anayepungua kidogo kuliko wenzake. Katika mita 400 jambo hilo ni kali zaidi. Ndiyo maana, alisema, kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne kule Munich mwaka 1972 kilikuwa na mtu wa mita 800 katikati yake: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko, na Julius Sang. Huyo wa mita 800 ni Ouko, naye alikuwa wa tatu kukimbia. Mwalimu hakuongeza neno, ila nililala nikiwa mrefu zaidi usiku ule.

Siku ya mashindano mistari ilichorwa kwa oili chafu juu ya nyasi. Nilikipokea kijiti kwa mkono wa kushoto, nikakihamishia kulia, na kwa mita 200 sikuhisi uzito wa mwili wangu. Kona ya mwisho mapaja yakajaa kama yametiwa mchanga mbichi. Yule bahili ndani yangu akaniuliza akiba iko wapi. Haikuwapo. Nilimpita mmoja, nikapitwa na mmoja, nikatoa kijiti, nikaanguka.

Tulimaliza wa tatu. Mwalimu alikuja akachuchumaa ndani ya koti lake, hakunipa pole wala hongera. Aliukamata mkono wangu wa kushoto, akaufungua. Kiganjani palikuwa na alama nne za kucha.

"Mita ngapi hizi?"

"Hamsini za mwisho, mwalimu."

"Sabini," akasema.