Siku saba za mpira

Uchungu pingamizi usipokatizwa kwa upasuaji, kichwa cha mtoto hukibana kibofu cha mama kwenye mfupa wa nyonga, damu ikakosa njia, nyama ikafa. Baada ya siku chache hutoboka tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo huvuja usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Ikizibwa, sifa zote huenda kwa mkono ulioshika sindano, nao unazistahili. Lakini kuna kazi nyingine isiyopigiwa vigelegele, kazi ya mtafiti anayeuliza swali linaloonekana la kikarani: akishashonwa, mgonjwa akae na mpira wa mkojo siku ngapi?

Kwa muda mrefu kila hospitali ilikuwa na jibu lake, na madaktari wengi walishika siku 14 au zaidi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kibofu kikijaa mapema, mshono huvutika. Lakini mpira nao una gharama zake. Hukaribisha maambukizi, humkera mgonjwa, na humfunga kitandani mtu ambaye huenda ameacha watoto na shamba. Watafiti walilipeleka swali kwenye hospitali 8 katika nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, na mwaka 2015 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet. Wanawake 524 wenye fistula nyepesi waligawanywa kwa nasibu: nusu siku 7, nusu siku 14. Kati ya waliofuatiliwa hadi mwisho, mshono uliachia kwa wanawake 10 kati ya 250 wa kundi la kwanza, na 8 kati ya 251 wa kundi la pili. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuvuka mpaka uliowekwa kabla ya kazi kuanza. Sasa piga hesabu: kwa kila wagonjwa 100 zinaokolewa siku 700 za kitanda, yaani wiki nzima kwa wengine 100 wanaosubiri zamu. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza siku 7 hadi 10.

Ufundi wenyewe, kwa macho yangu, uko katika neno “kuachia”. Mwanamke anaweza kuzibwa tundu barabara na bado akalowa, kwa kuwa misuli ya nyonga imelegea na akikohoa mkojo humtoka kwa njia yake ya kawaida. Ukimuuliza tu kama amelowa (na haya ya lugha yetu itampa neno “haja ndogo” na kuishia hapo), utachanganya maradhi mawili. Ndiyo maana kibofu hujazwa maji ya rangi, kisha hutazamwa rangi inatokea wapi. Yangechanganywa hayo, idadi yote ya wagonjwa duniani isingeuokoa utafiti.

Wapo watakaosema swali ni dogo, na kwamba fedha zingefaa zaidi kwenye vyumba vya upasuaji wa kujifungua, ili fistula isitokee kabisa. Kuhusu kinga hawajakosea, ila haimsaidii aliyekwisha toboka, naye ndiye anayekalia benchi la hospitali leo. Pingamizi zito ni jingine. Elimu hii ilianza kwa dhuluma: miaka ya 1840, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa, Anarcha, Betsey na Lucy miongoni mwao, bila dawa ya usingizi na bila uwezo wa kukataa. Je, kumfanyia utafiti mwanamke maskini wa Afrika si njia ile ile? Ingekuwa hivyo kama asingeulizwa ridhaa. Hawa waliulizwa. Tena hakuna aliyeingizwa kwenye mgawanyo kabla mshono wake haujaonekana umeshika siku ya saba. Na kumwacha na mpira wiki mbili kwa sababu ndivyo tulivyozoea ni jaribio pia, ila lisiloandikwa wala kuhesabiwa.

Jibu la watafiti halikuvuka mipaka ya swali. Ni la fistula nyepesi tu. Mwenye tundu kubwa lenye makovu, aliyekwisha shonwa mara mbili tatu, hakuwamo katika hesabu ile, na daktari wake hana ruhusa ya kuiazima.